Do ya Mwalimu Waswa

Jumatano, 12 Machi

Nimefika Mamboleo pamoja na mvua. Mama anasema mimi ndiye niliyeileta, kwa hivyo matope yote ya sebuleni ni yangu na kitambaa cha kupangusia kiko nyuma ya mlango. Karibu nyumbani, Nasipwondi.

Baba alikuwa amesimama langoni na ule mwavuli wake uliovunjika mbavu. Hakunipungia mkono. Alikunja ngumi akaishika usawa wa tumbo. Hiyo ni lugha yetu sisi wawili. Maisha yake yote ya kazi alifundisha shule ya msingi huko Muhoroni, na kuimba alifundisha kwa mkono: kila noti ina ishara yake. Ngumi ni do. Kiganja kilichoelekea kifuani ni so. Kidole kimoja juu ni ti. Do ni nyumbani, alikuwa akituambia. Wimbo uzurure utakavyo, mwisho unarudi do na kuvua viatu. Na ti je, Mwalimu? "Ti ni mtoto amesimama mlangoni. Hapo hapalaliki. Lazima aingie."

Nilipoondoka mara ya kwanza kwenda Ujerumani kusomea piano, alinionyesha ngumi ile kupitia kioo cha uwanja wa ndege. Nililia mpaka Nairobi.

Leo nilimwambia, "Baba, umekonda. Unakula kweli?"

Akajibu, "Ndiyo, imenyesha tangu asubuhi."

Nilicheka. Mama hakucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hata hizo mbili hakunipa. Nimelima kishamba cha mboga. Vidole vyangu vina bima huko Ujerumani. Hapa vina matope.

Jumapili, 16 Machi

Leo kanisani nimeona jambo, na sijui niliandike vipi.

Kwaya yetu haitumii kinanda. Kuna piano ya zamani pembeni, waliiacha wamishonari walipoenda kwao, lakini ilishakufa na juu yake wanapanga vitabu vya nyimbo. Baba ndiye kinanda. Anatoa mfukoni kile chuma chake chenye meno mawili, anakigonga gotini, anakiweka sikioni, kisha anaimba: "Dooo." Kwaya inaichukua hapo. Tangu nizaliwe ni hivyo, na hakuna mtu anayeongeza wala kupunguza kwenye do ya Mwalimu.

Leo alikigonga, akakiweka sikioni, akafumba macho. Akatoa do. Ilikuwa chini mno, chini ya kisima. Nikasema moyoni, sasa besi watazama. Mara Mercyline, anayeongoza sauti ya kwanza, akainamisha kichwa kana kwamba anakohoa, akavumisha puani do nyingine, ya kweli. Kwaya nzima ikaichukua ya Mercyline. Nyuso zao hazikubadilika hata kidogo. Baba akafungua macho akaanza kupunga mkono, ametulia, ameridhika.

Walifanya hivyo kila wimbo. Mimi nilikaa kwenye benchi nikijifanya natafuta sadaka kwenye mkoba.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemfuata Mercyline kwenye kibanda chake cha omena, dagaa wa ziwani, hapo njia panda. Alikuwa anampimia mteja kwa kopo la gorogoro, akaendelea kupima bila kuniangalia.

"Imeanza lini?"

"Nini imeanza lini?"

"Mercyline."

Akashusha gorogoro. "Miaka mbili sasa. Krismasi ile, alitupa do tukakosa kuimba kabisa. Watu walicheka. Si wa kwetu, wageni. Uso ya Japuonj, yawa, sitaki kuiona tena hivyo. Tukakubaliana." Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo, na hakuna anayemwita Baba jina lingine hapa. "Na wewe usiende kumwambia. Umesikia? Hiyo maneno ikifika kwake nitajua ni wewe, na sitajali umepiga piano wapi."

Mteja naye akaongeza: "Kweli kabisa." Kumbe naye ni wa kwaya.

Alhamisi, 20 Machi

Hospitali mjini. Daktari ni kijana mpole. Alizungumza nami kwa sauti ya chini kisha akakumbuka, akainua sauti ili Baba naye asikie. Masikio yote mawili. Ni uzee, na hayarudi. Sauti za juu zimeshakwenda, za kati zinafuata, za chini bado zipo kiasi. Mwaka huu au ujao, hakuna anayejua. Kuna vifaa vya kuvaa masikioni, vinasaidia mazungumzo, ila muziki kwavyo huwa kama vijiko kwenye karai.

"Anavyo tayari," Mama akasema. "Viko kwenye mkebe wa sukari."

Baba akatuangalia mmoja mmoja, akacheka. "Sikio la kufa halisikii dawa. Langu limeshaandika hadi wosia. Twende tukale."

Daktari alinishika mkono mlangoni. "Kama kuna kitu ungependa akisikie, usingoje sana."

Kipo. Nakiandika hapa kwa sababu sijakiandika popote.

Zamani huko Muhoroni wezi wa vyuma waliiba kengele ya shule. Haikuwa kengele, ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Mwalimu mkuu alitaka kununua filimbi. Baba akasema ya nini, akatunga wimbo. Asubuhi darasa la tano walisimama nje wakauimba, na shule nzima ikajua ni saa ya kuingia. Nilikuwa darasa la tano.

Wimbo huo nimeutengenezea piano. Kila ninapopiga tamasha, watu wakikataa kuondoka, huo ndio wa nyongeza. Nauita tu "Kengele". Nimeupiga Tokyo, ambako watu hunyamaza hadi unasikia nguo yako ikikunjika. Nimeupiga Buenos Aires, ambako mzee mmoja alisimama kitini akadai urudiwe, na nikaurudia. Lisbon bibi mmoja aliniletea mkate moto umefungwa kwa kitambaa, akalia, hatukuelewana neno hata moja. Mwandishi wa gazeti Warsaw aliandika kwamba asili yake ni ibada ya kale ya Kiafrika. Ibada gani, ndugu yangu? Ni rimu ya lori.

Mwenye wimbo hajui. Alinyimwa visa mara mbili. Mimi nikija nyumbani nakaa wiki moja, na piano hakuna. Kwenye simu muziki huisha nyama, hubaki mifupa. Nikajiambia sitaki aambiwe, nataka ausikie. Nikawa naahirisha, nikidhani masikio ya mtu hayana haraka.

Mara hii nina muda: naondoka tarehe 31 Mei kwa ziara ya Seoul na Japani. Kabla ya hapo, piano ile ya kanisa itafufuka, nami nitampigia baba yangu wimbo wake. Basi.

Jumanne, 25 Machi

Tumeifungua piano. Panya wamezaa ndani, wakalea, wakahama.

Ijumaa, 28 Machi

Griffins Obiero ni fundi wa spika kule Obunga. Hajawahi kufungua piano maishani mwake, na alinieleza hivyo kwa fahari. "Sista, kitu ikiwa na waya na mbao, tutaelewana tu." Tumelaza nyundo zote mezani. Sufu ya vichwani imeliwa. Mama ametoa blanketi lake la harusi tukate. Nikakataa. Akaleta mkasi akalikata mwenyewe.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nyundo.

Jumatatu, 7 Aprili

Ufunguo wa kukazia nyuzi umefika kutoka Ujerumani. Annelie, anayenipangia safari, aliutuma pamoja na swali: naweza kufika Seoul wiki mbili mapema, kuna watu muhimu wa kukutana nao? Nimemjibu siwezi. Akauliza kuna tatizo gani. Nikamwandikia: masika. Sijui ameelewa nini.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kwaya imeimba vizuri mno. Baba katoa do, Mercyline kakohoa, Kristo kafufuka.

Baada ya chakula tulibaki jikoni, Baba na mimi, tukiosha sufuria. Mimi nikiwa nimemgeukia, kwa maana nimegundua akikuona uso anakusikia. Akasema bila utangulizi:

"Mercyline atoe do yangu vizuri zaidi. Siku hizi anavuta juu kidogo."

Sufuria ikaniponyoka.

"Baba. Unajua?"

"Mayi," akasema. Huniita Mayi, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Nimefundisha watoto miaka yote hiyo. Unadhani sijui darasa likinificha kitu? Naona midomo yao. Naona mbavu zikipanda. Naona mtu akikosea kabla hajakosea."

"Na mbona husemi?"

"Niseme nini? Watu ishirini wamekubaliana kunipenda, nami niwaharibie?" Akafuta mikono. "Nitakuja kuacha. Ila sio kwa aibu. Nataka niache kwa wimbo."

Nimekaa na maneno hayo jioni nzima. Nilikuwa nimewaonea huruma wote: Baba kwa kudanganywa, wao kwa kudanganya. Kumbe mimi ndiye pekee niliyekuwa sijui kitu.

Jumamosi, 26 Aprili

Piano inalia! Si vizuri, lakini inalia. Shida ni unyevu. Kila asubuhi vitufe vimevimba na kukwama, unabonyeza kimoja vinashuka vitatu. Griffins amekuja na balbu ile ya moto anayowashia vifaranga, akaining'iniza ndani. "Sasa iachwe hapo usiku na mchana. Ni kuku tu hii."

Jumanne, 29 Aprili

Kweli ni kuku. Vitufe vyote vimeachia.

Jumapili, 4 Mei

Wadudu wa ziwa. Jana jioni walipanda kutoka majini kama moshi, upepo ukawaleta mpaka huku, na balbu ya Griffins ikawaita wote kwenye piano. Nimewazoa kwa kijiko. Mercyline anasema Wajaluo wa zamani waliwakanda wakawala, kwa hivyo nisijifanye.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimefanya kitu kibaya.

Niliingia kanisani asubuhi nikakuta balbu imezimwa. Piano yote imekwama tena, kama siku ya kwanza. Waya moja ya chini imekatika, na ya akiba sina. Nilijua ni nani. Baba hupita kila jioni kufunga madirisha, na Baba hajawahi kuona taa inayowaka bure akaiacha. Hata hotelini angezima.

Nilirudi nyumbani mbio kwenye matope. Alikuwa kibarazani, amenipa mgongo, anamenya mihogo. Nikamfokea. Haki ya Mungu sijawahi kumfokea mtu hivyo. Nilisema stima ya kanisa haimhusu, nilisema wiki zote hizi ni za bure, nilisema nafanya haya yote kwa ajili yake na yeye hata hajiulizi. Nilisema siku zinaisha. Nilisema, masikio yako yanaisha, Baba.

Akamaliza muhogo, akageuka kuchukua mwingine, akaniona. Uso wake ukachanua.

"Eh, Mayi! Umerudi? Chai iko tayari?"

Nilimpigia baba yangu kelele, na hakusikia hata moja. Nimeketi chini pale pale kibarazani nikalia kama mtoto. Aliweka kisu, akakaa kando yangu, akaniwekea mkono kichwani. Alinukia muhogo mbichi. Sikuweza kumwambia kwa nini nalia, na sasa nafikiri alijua.

Jumamosi, 10 Mei

Griffins ametoa waya kwenye breki ya baiskeli. Sauti yake ina mafua, lakini imekubali. Kwenye swichi ya balbu ameandika kwa chaki: MWALIMU TAFADHALI.

Jumatano, 14 Mei

Tamasha ni Jumamosi tarehe 24, saa nane mchana, maana mvua za hapa huanza jioni. Nimelipangilia hilo vizuri. Mama amealika nusu ya Mamboleo.

Alhamisi, 22 Mei

Baba ameuliza nitapiga nini. Nikamwambia nyimbo za Wazungu waliokufa. Akatikisa kichwa, akasema wapumzike kwa amani.

Jumamosi, 24 Mei

Nani huweka jambo Jumamosi huku kwetu? Mtu aliyekaa nje mpaka akasahau alikozaliwa. Jumamosi ni ya kuzika. Saa nane kanisani tulikuwa mimi, Baba, Mama, Griffins na mbwa wa pasta. Kwaya nzima ilikuwa imekodiwa kuimba matangani. "Si ungeuliza?" Mercyline aliniambia alipofika, viatu mkononi. "Hata mtoto angekuambia." Ilikuwa saa kumi na zaidi, watu wamejaa hadi mlangoni, na upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshavaa nguo nyeusi.

Nikaanza. Kipande cha kwanza kilisikika chote. Baba alikuwa mbele, mikono magotini, anakunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. Katikati ya cha pili, tone moja likagonga bati. Likaja lingine. Kisha mbingu ikafunguka.

Kanisa letu halina dari. Ni mabati tu juu ya vichwa. Anayejua mvua ya masika juu ya mabati anajua, na asiyejua siwezi kumweleza. Nilikuwa nabonyeza vitufe na sisikii chochote, kana kwamba napiga meza. Niligeuka nikaona watu wananitazama, wengine wameweka mikono masikioni, Mama anasema kitu na midomo inafunguka bure. Pasta alinipungia: acha, ngoja ipite. Nilijua mvua ile haipiti leo. Nilitaka kufunga kifuniko cha piano na kupiga kichwa juu yake. Nimevuka bahari na kufukuza panya na kukata blanketi la harusi, halafu mvua!

Baba akasimama. Akabeba kiti chake, akakileta, akakiweka ubavuni mwa piano, akakaa pale anapoona vidole vyangu. Akaegemeza kiganja kimoja kwenye mbao. Akanitikisia kichwa: endelea.

Nikaacha Wazungu. Nikapiga Kengele.

So, mi, la, so. Mstari wa kwanza tu. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Alikuwa anafuata mkono wangu wa kulia kama alivyokuwa akifuata midomo ya kwaya. Kisha mkono wake mwenyewe ukaondoka gotini, polepole, kiganja kikaelekea kifuani: so. Kikalala bapa: mi. Akasimamisha mkono hewani. Mdomo wake ukabaki wazi.

Alikuwa ameujua. Katika mvua ile, ambamo hakuna mwenye masikio aliyesikia noti hata moja, baba yangu aliuona wimbo wake ukitoka vidoleni mwangu.

Akageuka akawatazama watu wa kwaya. Akanionyesha nianze upya. Akawapa do. Hakugonga chuma. Aliwapa ngumi, usawa wa tumbo, mbele ya watu wote. Mercyline hakukohoa. Aliitazama ngumi ile, machozi yanamtoka, akafungua mdomo. Hawakuwahi kuujua wimbo huu, ila mkono wa Japuonj wanaujua, na waliuimba mkononi mwake mstari kwa mstari, mimi nikipiga, hakuna anayemsikia mwenzake. Watu nyuma walisimama. Walikuwa wanaona kwaya ikipanua vifua, wanaona mzee akipunga, wanaona vidole. Hakuna aliyetoka.

La. Ti. Baba akashikilia kidole juu, akaningoja. Halafu do. Akakunja ngumi na kuitia kifuani.

Mvua ilipolegea, watu wakiwa wanakunywa chai, alinivuta kando.

"Mstari wa tatu umeubadilisha."

"Ndiyo, Baba."

"Umeweka la mahali pa fa yangu."

"Ndiyo."

"Yako ni nzuri zaidi. Nilitaka hivyo, watoto wakashindwa." Akafikiri. "Na mwisho umekimbia. Ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamwelekezea uso wote ili aone midomo yangu vizuri. "Niliogopa kwamba husikii."

"Mayi, nani alisikia?" Akacheka hadi akashika ukuta. "Leo kanisa zima lilikuwa na masikio yangu."

Nikamweleza Tokyo, nikamweleza mzee wa Buenos Aires na mkate wa Lisbon. Alisikiliza kwa macho, bila kupepesa. Mwishowe akauliza kitu kimoja: "Na uliwaambia ile rimu haijapatikana?"

Jumapili, 25 Mei

Baba amempa Mercyline kile chuma cha do mbele ya kanisa. Mercyline amekigonga gotini mno, anachechemea.

Jumamosi, 31 Mei

Ndani ya ndege. Chini kuna ziwa, na kunanyesha upande wa Muhoroni.

Mama alinifungashia omena ya Mercyline, imekauka vizuri, na kipande cha blanketi kilichobaki. Walinzi hawakumruhusu Baba kuvuka, akasimama nyuma ya kioo kile kile. Nami nikasimama upande huu na begi langu, nikingoja ngumi.

Hakunipa ngumi. Aliinua kidole kimoja, juu, usawa wa paji la uso. Ti.

Nikakunja ngumi yangu nimwonyeshe, Baba, malizia, huwezi kuniacha hapa. Akatikisa kichwa. Kidole kikabaki juu. Watu walikuwa wanampita na mizigo, Mama anamvuta koti, naye hakukishusha mpaka nilipoingia mlango wa kuelekea kwenye ndege.